Ng'ombe kwenye Dirisha la Gredi ya Sita

Wiki jana mliniacha juu ya mnara wa tangi la maji la Shule ya Vukoni, sketi nimeikaza kwa kamba ya katani, simu nimeinyanyua juu nikisaka mtandao. Wengi mmeniuliza kama nilianguka. Sikuanguka. Heri ningeanguka.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Mwalimu Dama, nafundisha Kiingereza Gredi ya Sita hapa Vukoni, ng'ambo ya mto ukitoka Garsen. Nimejiunga na kozi ya mtandaoni ya walimu wa Kiingereza kutoka pembe zote za dunia, na niliingia kwa uongo, maana kwenye fomu niliandika kwamba shule yetu ina intaneti. Zoezi la kwanza lilikuwa video ya dakika tatu: tambulisha wanafunzi wako, tambulisha darasa lako. Juu ya lile tangi ndipo video yangu ilipokubali kwenda.

Ilipokwenda nilipiga kigelegele peke yangu huko juu. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akidhani kuna harusi.

Sasa niwaambie jinsi tulivyoirekodi, kwa sababu balaa lote lilianzia hapo.

Tulirekodi mara saba. Mara ya kwanza Gredi ya Tano walipita wakipiga debe. Mara ya pili mtoto mmoja alipiga chafya, darasa zima likacheka. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, kila mmoja alikuwa akigeuka dirishani kuangalia nini kinapita. Mara ya sita nilipandwa na mori.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Atakayegeuka, atakayenong'ona, atakayeonyesha kidole, atasafisha choo mpaka muhula uishe. Hata nyoka akiingia, macho kwenye simu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Ticha!"

Mara ya saba wakasimama wima kama askari wa gwaride. Ifrah, binti wa Mzee Liban, akaanza kwa Kiingereza kilichonyooka: hili ndilo darasa letu, tuko arobaini na mmoja, wengine wetu tunafuga, wengine tunalima, sote tunaketi hapa. Akafuata Kaviha, binti wa Dzombo, ambaye huketi naye dawati moja. Kaviha akasita kidogo, akameza mate, kisha akasema jina lake na kwamba anataka kuwa rubani. Nilidhani ni woga wa kamera.

Nilifurahi mno. Video sikuituma kwenye kozi peke yake. Mdomo wangu mrefu na vidole vyangu vyepesi viliiweka kwenye status ya WhatsApp pia, nusu ya Garsen ikaiona.

Jumatano asubuhi nikapanda tena tangini kusoma maoni ya walimu wenzangu.

Mwalimu wa Peru alisema wanafunzi wangu wana nidhamu ambayo hajawahi kuiona maishani. Mwalimu wa Korea alisema Ifrah atakuwa balozi. Nikatabasamu. Halafu mwalimu wa Ureno akaandika: ng'ombe wenu ni wazuri na wameshiba, je, ni wa shule?

Ng'ombe gani?

Nikaifungua video. Safari hii sikuwatazama wanafunzi, nilitazama nyuma yao, kwenye dirisha letu lisilo na kioo. Nje ya dirisha kuna shamba la Dzombo, na kando ya shamba inapita malka, ile njia ya ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Ng'ombe wawili walikuwa wamesimama nje ya ua, wametulia kwa adabu. Wa tatu alikuwa ndani. Alikuwa amezama katikati ya mahindi ya Dzombo, yale yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, anakula kama aliyealikwa.

Dakika tatu nzima. Na mbele yake watoto arobaini na mmoja wamesimama kimya, macho kwenye simu.

Nikaifunga simu, nikashuka.

Nilipofika chini, Dzombo alikuwa ananingoja mlangoni mwa darasa. Ni mtu mfupi, mpole, ambaye akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Siku hiyo ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie.

"Mwalimu Dama, hujambo?"

"Sijambo, Baba Kaviha. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, ile video yako usiifute. Mtoto wa kaka yangu yuko Garsen, amenionyesha. Mimi tangu juzi nauliza nani amekula mahindi yangu, kila mtu hajui. Kumbe darasa zima linajua." Akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni. "Kaviha, wewe uliona?"

"Niliona tulipokuwa tunajipanga, baba."

"Na hukupiga mayowe?"

Kaviha alinitazama mimi kwanza. "Ticha alisema tusigeuke."

Jamani, nimewahi kuaibika. Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya mkaguzi. Lakini aibu ile ya Jumatano ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

"Simlaumu mtoto," Dzombo akasema. "Mtoto ametii. Na wewe sikulaumu, wewe ni damu yetu, Mgiriama mwenzangu. Kesho tumeitisha baraza, sisi na kina Liban. Wewe lete tu video, basi. Ng'ombe wale wawili wa nje wana chapa ya Liban pajani. Hata kipofu ataona."

Hapo roho ikaniruka. Kwa nini, ngoja niwaeleze.

Mwaka jana ng'ombe wa Mzee Liban waliingia shamba hilo hilo. Yakazuka maneno, tena maneno mazito, ya aina ambayo watu wa mto huu wakiyasikia huanza kufunga mizigo. Wazee wa pande zote wakakaa siku mbili. Mwishowe Mzee Liban, ambaye ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya shule yetu, akatoa neno lake akiwa ameishika fimbo yake, kama mtu anayeapa: ng'ombe wangu hawatakanyaga tena shamba la Dzombo. Naye Dzombo akaipokea fimbo ile, akajibu mbele ya wote: wakikanyaga tena, sisi tutawatoa watoto wetu katika shule hii, siwezi kumketisha mwanangu na mtoto wa mtu asiye na neno.

Wakulima walioitikia siku ile wana watoto kumi na tisa katika darasa langu. Kumi na tisa kati ya arobaini na mmoja. Nilichukua miaka mitatu kuwaketisha watoto hawa dawati moja, mfugaji na mkulima, mmoja akimwazima mwenzake kifutio. Kozi ingeweza kunifukuza, ningelia kidogo nikanyamaza. Lakini darasa kugawanyika ningelivumilia vipi?

Jioni ile ile nikaenda kwa Mzee Liban. Nilimkuta zizini, amevaa kikoi, fimbo begani, ndama wanamlamba vidole.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam, Mwalimu. Karibu. Nimesikia tumekuwa watu wa sinema."

"Mzee, mambo si ya kucheka."

"Najua. Vijana wangu wamekasirika. Wamesema mwalimu akienda kuwa shahidi ya wakulima, watoto wetu wahame na ngombe. Mimi nimewaambia nyamazeni kwanza. Lete simu nione."

Nikamwonyesha. Akaishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo wazee, akatazama mpaka mwisho. Alipomsikia Ifrah akitamka Kiingereza akatabasamu, akaniomba nirudishe. Mara ya pili akatazama ng'ombe.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gogo.

"Mwalimu, hii ya ndani, unaijua?"

"Ni ng'ombe wako, Mzee."

"Angalia paja."

Nikakuza picha. Wale wawili wa nje walikuwa na chapa ya moto. Yule wa ndani paja lake lilikuwa safi, halina hata kovu. Na usoni, kutoka katikati ya pembe hadi puani, alikuwa na mstari mweupe.

Simu ilinitoka mkononi ikaangukia samadi.

Wasomaji wangu, mficha uchi hazai. Kuna jambo sikuwahi kuwaambia hata ninyi, wiki zote hizi ninazojidai kuungama. Mimi nina ng'ombe. Mtamba mmoja, mwekundu, mstari mweupe usoni, nilimnunua mwaka juzi nikampa jina la Sarufi. Nimemweka kwa Mzee Liban anitunzie, kama wafanyavyo watumishi wengi wa huku walio na mshahara na wasio na zizi.

Nilificha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mume wangu Danson, aliye kazini Hola, ambaye husema mwalimu mwenye ng'ombe hafundishi, husubiri maziwa. Hiyo ni ndogo. Ya pili ndiyo kubwa. Mkulima wa kabila langu akijua mali yangu inachungwa katika kundi la Liban, siku ya ugomvi atasema mwalimu ana upande. Na mwalimu mwenye upande katika kijiji hiki hana darasa.

"Mzee," nikasema, "kumbe ni Sarufi."

"Ni yeye. Tangu alipokuja ana kiburi. Ngombe yangu ikiona ua inasimama. Yako inasoma ua, inasahihisha." Akacheka tena. Kisha akanitazama kwa huruma. "Usiogope. Kwetu ngombe ya amana haitajwi mwenyewe. Mtu amekuamini na mali yake, wewe utamtaja barazani? Hapana. Kesho nikiulizwa nitasema ni yangu."

"Lakini Mzee, ulitoa neno lako."

"Nilitoa."

"Dzombo atasema huna neno."

"Atasema." Akaokota simu yangu, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akanirudishia. "Kijana wangu alilala akichunga. Kosa limetoka kwa zizi yangu. Nenda nyumbani, Mwalimu."

Hapa ndipo mtanitukana, na mna haki. Nilisema, "Asante sana, Mzee." Nikaenda nyumbani, nikala ugali na mrenda, nikalala fofofo kama mtoto aliyenyonya.

Alhamisi ikafika.

Baraza lilipangwa saa kumi alasiri, darasani kwangu, kwa kuwa ndipo penye umeme wa sola na ndipo wangeweza kuionyesha video kwa kompyuta na projekta ya mwalimu mkuu. Tukatundika shuka lake ukutani, shuka lenye maua ya waridi, nadhani la harusi yake. Watoto wangu nikawaambia wabaki, kwa sababu mkufunzi wetu wa kozi, Bi Margit, alikuwa ameniandikia kwamba saa kumi hiyo hiyo yeye na walimu wote watatutembelea mubashara kwa mtandao.

Nilimkimbilia mwalimu mkuu. "Mwalimu, haya mawili hayawezi kuwa wakati mmoja."

"Kwa nini?" akasema. "Simu yangu nimeifunga juu ya tangi iturushie mtandao, bando nimenunua la saa moja tu, na sola ikifika saa kumi na moja na nusu inachoka. Na si umeambiwa utambulishe darasa? Wazazi ni sehemu ya darasa."

Nani angebishana naye? Saa kumi kasoro dakika tano wazee wanne wa Kiorma, wafugaji wa upande wa Mzee Liban, na wakulima watano walikuwa wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto walisimama ukutani. Kompyuta ikalia, na Bi Margit akatokea juu ya yale maua ya waridi, uso mkubwa kama meza. Nyuma yake vikatokea vichwa vidogo vidogo, walimu wa dunia nzima.

"Mwalimu Dama!" akasema kwa Kiingereza. "Tunafurahi mno! Hawa ndio wanafunzi wako?"

"Hawa ni wazazi," nikajibu. "Wanafunzi wako ukutani."

Mwalimu wa Peru akapunga mkono. Wazee wote tisa wakapunga, pande zote mbili, hata Dzombo. Nikajiambia, Dama, huenda Mungu ameamua kukusamehe.

"Wengine hawajaiona video ya darasa lako," Bi Margit akaendelea. "Naomba muicheze."

Nikafungua kinywa kukataa, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshabonyeza. Tayari Ifrah alikuwa ukutani, juu ya shuka, akisema sisi wengine tunafuga na wengine tunalima. Walimu wa dunia wakatulia kusikiliza. Wazee wakainama mbele.

"Simamisha hapo," Dzombo akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Mwalimu mkuu akabonyeza. Sarufi akaganda katikati ya ukuta, shavu limejaa mahindi.

Dzombo akasimama, akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kidole juu ya ng'ombe wangu. Hakumtazama mwingine ila Mzee Liban.

"Mwenyekiti. Mimi na wewe tumezikana. Ulipofiwa nilikuja, nilipofiwa ulikuja. Sitaki kelele. Nakuuliza neno moja tu. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Mzee Liban alisimama taratibu akiegemea fimbo. Nilimwona Ifrah akimtazama baba yake. Mtoto yule anamjua kila ndama wa zizi lile kwa jina. Anamjua Sarufi. Alikuwa amejua siku zote, na hakusema.

"Ni yangu," Mzee Liban akasema.

Ifrah akainamisha uso.

"Neno lako la mwaka jana?"

"Nililitoa. Limevunjika."

Hakuna aliyepaza sauti. Laiti wangepaza! Dzombo alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, akawageukia wakulima wenzake, nao wakaanza kujitoa madawatini mmoja mmoja. Akawageukia watoto.

"Kaviha. Chukua mkoba wako. Na nyinyi wengine, chukueni mikoba."

Watoto kumi na tisa walisogea kuchukua mikoba. Hawakunong'ona, hawakubishana. Nilikuwa nimewafundisha kutii vizuri mno. Kaviha alitoa kitabu chake cha Kiingereza ndani ya dawati, akatoa na kifutio, akakitazama, akakirudisha upande wa Ifrah.

Ni kile kifutio kilichonimaliza. Nikamtazama Mzee Liban pale amesimama, mzee wa watu, amelivua jina lake zuri mbele ya majirani na mbele ya binti yake ili mimi nibaki na jina langu. Na mimi nimekaa kimya, mwalimu, mtu ninayewaambia watoto kila siku waseme sentensi kamili.

"Ng'ombe ni wangu!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kaviha, ambaye alikuwa amefika mlangoni, akasimama.

"Hana chapa, tazameni paja. Ni wangu mimi, nimemwekesha kwa Mzee Liban tangu mwaka juzi, na Mzee amesema uongo kunisitiri. Mimi ndiye niliyewazuia watoto wasipige mayowe. Ng'ombe wangu akila, mimi nikirekodi. Neno la Mzee halijavunjika."

"Mwalimu," Mzee Liban akasema kwa upole wa kukemea, "nyamaza kwanza."

"Nimechoka kunyamaza, Mzee."

Ukutani Bi Margit alikuwa ameweka mkono sikioni. "Samahani, Mwalimu Dama," akasema, "sauti ilikatika. Unaweza kurudia?"

Dzombo hajui Kiingereza, lakini mkono sikioni aliuelewa.

"Anasema hajasikia?" akauliza.

"Ndiyo, Baba Kaviha."

"Basi rudia. Na mimi sitaki kusema nilisikia vibaya."

Nikarudia. Nilisema kwa Kiswahili nikimtazama yeye, kisha kwa Kiingereza mbele ya walimu wa dunia nzima. Mwalimu wa Ureno, aliyesifia ng'ombe, akafunika uso kwa viganja.

Dzombo alinitazama. Sikujua anamtazama nani. Mgiriama mwenzake? Mwalimu wa mwanawe? Mwenye ng'ombe? Wakulima wenzake walikuwa nusu wamesimama, nusu wameketi, wakingoja aelekee wapi nao waelekee. Watoto kumi na wanane walikuwa na mikoba mabegani.

"Baba," Kaviha akaita kutoka mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Niketi ama nitoke?"

Dzombo alivua kofia yake, akageuka polepole, akanyoosha mkono kuielekea fimbo ya Mzee Liban, ile ile ya mwaka jana, akasema, "Nipe hiyo."